Ua wa Minyaa Urudi Nyuma

Wajukuu zangu wa Utemini, kila jioni mkikaa kijiweni nasikia swali lile lile: serikali itatutengenezea lini mtaa? Ni swali halali. Kodi mnalipa, kura mnapiga, na mwenyekiti wa mtaa mlimchagua wenyewe. Lakini mimi nimekula jasho la uashi tangu ujanani, Dar es Salaam kwanza kisha hapa Singida, na kwa jicho la fundi naona lipo swali linalotangulia hilo lenu. Hiyo barabara ikija kesho asubuhi, itapita wapi?

Nendeni mkaangalie mtaa wowote wa mji huu uliojengwa kabla mpima hajafika. Utakuta huyu kasogeza kibaraza, yule choo chake kimetokeza njiani, na wa tatu alipanda minyaa kuzungushia ua kama wazee walivyofanya vijijini. Minyaa haijui mpaka. Inanenepa upande wa nyumba na upande wa njia. Mwenye nyumba akipata fedha anajenga ukuta wa tofali pale ua ulipofikia, wala si pale ulipopandwa, na hakuna anayesema neno kwa sababu kila mmoja ana ukuta wake wa namna hiyo. Njia iliyokuwa ikipitisha mkokoteni wa punda sasa inapitisha mtu mmoja mwenye ndoo kichwani. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane anatembezwa hadi bajaji ilipoishia. Nyumba ikishika moto, gari la zimamoto linalotaka upana wa karibu mita nne linabaki barabara kubwa likipiga king'ora.

Sasa nisikilizeni. Kabla ya saruji, kabla ya mfadhili, kabla ya barua kwa mkurugenzi wa manispaa, mtaa uliochoka hufufuka siku wakazi wake wanapokubaliana kila mmoja arudishe ua wake nyuma. Hapo ndipo penye kazi. Mengine yote ni kuchanga na kutoa jasho, na hayo Wasingida tunayaweza.

Msidhani hili nimelitunga mimi. Nchi hii imejaribu njia nyingi za kurekebisha makazi ya mjini, na nyingi zimeshindwa kwa sababu zinazofaa mzijue.

Wakoloni Waingereza walitupangia miji kwa tabaka. Sheria ya miji midogo ya mwaka 1920 na kanuni za ujenzi zilizofuata ziligawa maeneo kwa aina ya nyumba. Kila aina ya nyumba ilikuwa na watu wake, kwa hiyo bila kutaja rangi ya mtu sheria ilimweka Mzungu kwake, Mhindi kwake na Mwafrika kwake, na huku kwa Mwafrika ndiko mabomba na taa zilikochelewa. Baada ya Uhuru tukasema tutafuta aibu ile. Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa mwaka 1962, na kazi yake mojawapo ikawa kuvunja nyumba duni za Dar es Salaam, Magomeni na kwingineko, na kujenga mpya mahali pale pale. Nia ilikuwa njema. Hesabu ndiyo iliyokataa, maana ukivunja nyumba ya vyumba sita vyenye familia sita ukajenga nyingine ya vyumba sita, umetumia fedha nyingi na mji haujaongezewa hata chumba kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango ule ukafifia.

Ndipo mwaka 1972 serikali ikageuza sera: makazi holela yasivunjwe, yaboreshwe yalipo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia katikati ya miaka ya 1970, Manzese ikapata barabara, maji, taa za barabarani, shule na zahanati, na viwanja vipya vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mwanza na Mbeya zilipata fungu lao, na awamu ya pili ikafika Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa. Singida haikuwamo, msiniulize kwa nini.

Manzese ilibadilika kweli, msiache mtu awaambie vinginevyo. Lakini mkazi alikuwa mtazamaji. Mashine zilikuja zikaondoka, na mtaro ulipoziba alisubiri mashine zirudi. Fedha zilizotarajiwa kurejeshwa na wakazi hazikurudi za kutosha. Halmashauri za miji zenyewe zilikuwa zimefutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikarudishwa mwaka 1978 zikiwa hoi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mpango umekwisha, mitaro imejaa mchanga, barabara zimerudi kuwa mashimo. Kitu ulicholetewa unakitazama kwa macho ya mgeni. Kikivunjika unauliza mwenyewe yuko wapi.

Mfano ninaotaka mkae nao ni Hananasif. Iko Kinondoni, kwenye mteremko unaoshukia bonde la Mto Msimbazi. Kwenye maandishi ya wataalamu wanaiita Hanna Nassif. Watu walijenga pale bila ramani, tangu miaka ya 1960 na kuendelea, na mvua kubwa ilipokuja maji yalipita sebuleni, yakachanganyika na ya vyooni, kipindupindu kikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wenyewe wakaenda kudai. Hawakwenda mikono mitupu: walikwishakaa, na walijua wanachotaka, yaani mtaro wa kuondoa maji na barabara ya kupita gari. Hawakuomba jumba la mikutano wala sanamu.

Kazi ilianza mwaka 1994. Shirika la Kazi Duniani lilileta ujuzi wa kujenga kwa mikono badala ya mitambo mikubwa, Umoja wa Mataifa na Ford Foundation wakaleta fedha, jiji likaleta wahandisi, na Chuo cha Ardhi pale karibu na Mlimani kikaingia na wataalamu wake. Hayo yote ni ya kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba mkandarasi alikuwa chama cha maendeleo cha wakazi wenyewe. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa nao, vibarua walitoka mtaani, wanawake wakiwamo kwa idadi iliyowashangaza waliozoea kuona sururu mkononi mwa mwanamume tu. Mtu alichimba mtaro unaopita mbele ya mlango wake akalipwa ujira, akaenda kununua unga dukani kwa jirani. Fedha ikazunguka humo humo mtaani kabla ya kutoka.

Miaka ile nilikuwa Kinondoni nikifanya vibarua vya uashi, na nilipenda kupita kuangalia. Wenzangu mafundi walizungumza juu ya saruji na mawe. Mimi nilichokiona kikubwa ni vikao. Ili mtaro upite kwenye mteremko uliojaa nyumba lazima ua fulani ukatwe, kibaraza fulani kivunjwe, choo fulani kihamishwe. Serikali ingefanya hivyo kwa nguvu ingeleta polisi, wakili na fidia. Pale walikaa wajumbe na wenye nyumba wakazozana, wakaenda kuangalia, wakarudi kuzozana tena, mwisho mtu akatoa kipande cha ardhi yake kwa sababu aliona na mwenzake ametoa. Si kwamba watu wale ni malaika. Kila mmoja alijua kwamba asipotoa, maji yatarudi kwake mwenyewe.

Na hawakuishia kwenye kukata utepe, ambapo wengi wetu huishia. Chama kilitafuta njia ya kupata senti za matengenezo, hata kutoza magari yaliyoingia mtaani. Wanawake wa mtaa wa Kisutu, ndani ya Hananasif hiyo hiyo, wakaunda kikundi chao, KIWODET, wakapata kazi ya kuzoa taka nyumba kwa nyumba kwa malipo. Taka zikizolewa mtaro hauzibi. Mtaro usipoziba barabara haikatiki. Mambo haya yameshikana, na mwenye kuyatenganisha anafanya kazi mara mbili.

Mfano mwingine mfupi, wa jirani zetu Kenya. Nairobi, kwenye kitongoji cha Huruma, kuna kijiji kinaitwa Kambi Moto. Wakazi, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa watu wa makazi duni ulioanza mwaka 1996, waliweka akiba kidogo kidogo, wakajihesabu wenyewe, kisha wakakabili ukweli: ardhi haitoshi kila mtu kubaki na kiwanja chake kama kilivyo. Walitengeneza mfano wa nyumba kwa vitambaa, ukubwa kamili, watu wakaingia ndani kupima kama kitanda kitakaa. Wakakubali nyumba ya ghorofa iliyosimama kwenye eneo la mita nne na nusu kwa nne na nusu hivi, ili wote wabaki. Wajukuu zangu, hebu fikirini mtu mwenye eneo kubwa kuliko mwenzake akikubali kupunguziwa ili jirani asifukuzwe. Sisi hapa tunagombania hatua mbili za mchanga hadi baraza la kata.

Sasa turudi kwetu, maana Singida si Dar es Salaam.

Mji wetu umekaa juu ya miamba na kichanga, katikati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Mvua tunapata msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lakini ikinyesha inanyesha kwa hasira, na maji hayanywewi na mwamba, yanakimbia. Yanakimbilia wapi? Maziwa haya hayana mto wa kutokea kwenda baharini. Kinachoingia hakitoki ila kwa jua. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini chupa, nepi za watoto na uchafu wa vyoo unaofumuliwa wakati wa mvua bado vinasafiri kwenye makorongo yetu, na mwisho wa safari yao ni Kindai na Singidani, vikae huko milele. Kwa hiyo kijana wa Utemini anayetupa taka mtaroni hana hata kisingizio cha kusema bahari itazichukua.

Kwa habari ya mtaro, pokeeni neno la fundi. Mtaro huanzia chini. Vijana wengi wakipata ari ya msaragambo wanaanza kuchimba mbele ya nyumba zao, juu mlimani, wanafurahi maji yamehama, kumbe wamemtupia aliye chini yao. Anzeni mwisho wa maji, pale yanapoingia korongoni, mpande kidogo kidogo. Na hii ina maana gani? Ina maana wa juu lazima akachimbe kwa wa chini kwanza, kabla hajapata faida yoyote kwake. Mtaa ambao watu wake wanaweza kufanya hivyo, mimi siuhofii tena.

Na mawe tunayo. Wenzetu wa pwani hununua kila kitu. Sisi tumekalia granaiti, na kuna akina mama hapa mjini wanaoponda kokoto siku nzima juani kwa fedha ndogo. Mtaro wa mawe uliojengwa vizuri, wenye vitundu vya kupumulia maji ya ardhini, hudumu kuliko wa tofali. Wanunuzi wa kwanza wa kokoto za mama zenu muwe ninyi.

Halafu kuna karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu kurasimisha makazi yaliyojengwa bila mpango, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaeleza jinsi ramani inavyochorwa. Utaratibu mnaujua au mmeusikia: mkutano wa mtaa, kamati ya urasimishaji, mchoro, upimaji, bikoni chini, hati mkononi. Wizara imekuwa ikiita kupanga, kupima na kumilikisha, wenyewe wanafupisha KKK. Lakini wengi wanakimbilia herufi ya mwisho. Wanataka hati. Kupanga wanaona ni kupoteza muda, kwa sababu kupanga ndiko kunakoleta mchoro unaokata ua. Nimeona watu wakimkimbiza mpima kwa maneno makali kwa sababu mstari wake ulipita kwenye jiko la nje. Mkipima mtaa kama ulivyo, na vichochoro vyake vya mtu mmoja, mnachofanya ni kuupa msongamano hati ya miaka mingi. Baada ya hapo hata serikali ikitaka kuwaletea barabara italazimika kulipa fidia, na serikali isiyo na fedha ya fidia huwa inakwenda mtaa mwingine.

Kwa hiyo zozaneni kabla ya bikoni. Kaeni kumi kumi kwanza, kama zamani chini ya balozi wa nyumba kumi, watu wanaojuana watoto. Huko Mukuru, makazi duni ya Nairobi, eneo lilipotangazwa mwaka 2017 kuwa la mipango maalumu, wakazi walijipanga kuanzia kaya kumi kumi, kisha makundi yale yakaunganishwa kwenda juu hadi mtaa mzima. Ni utaratibu ambao babu zenu wa enzi za TANU wangeutambua mara moja. Kumi wakikubaliana njia ya mbele yao ipite wapi, mkutano mkuu wa mtaa unakuwa wa kuunganisha tu. Mkianza na mkutano mkuu, watazungumza watatu wenye sauti kubwa na mtaondoka bila njia.

Na fedha. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kwenye urasimishaji nchini kote, wananchi wamechangia kampuni za upimaji na baadhi wakasubiri miaka bila kuona jiwe la mpaka. Kwingine ni kamati zenyewe zilizokula. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kidole kimoja kinatosha kuiba. Daftari la mtaa liwe na kurasa zenye namba, ili inayochanwa ijulikane. Watie saini watu watatu wasio ndugu. Kila mchango ubandikwe ukutani kwa mtendaji, jina na kiasi, wa shilingi elfu mbili na wa laki mbili kwa ukubwa ule ule wa herufi. Mkitumia simu, namba ya kupokelea iwe ya kikundi kilichosajiliwa, isiwe ya mweka hazina. Ninyi vijana mnajua mambo ya simu kuliko sisi. Kazi hiyo ni yenu, na wazee tuwekeni kwenye kusuluhisha mipaka, maana sisi ndio tunaokumbuka nani alimuuzia nani na mti gani ulikuwa shahidi.

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, nayo ipo. Kikundi cha kuzoa taka, kikundi cha kufyatua vifuniko vya mtaro, hivi ni vikundi vinavyoweza kukopa na kurejesha. Msikope kununua bodaboda kumi zitakazosimama kijiweni pale pale mlipokuwa mmekaa.

Nimesifu Hananasif, sasa niseme na upande wake mchungu, msije mkanilaumu. Baadhi ya nyumba zilikuwa chini kabisa bondeni, Mkwajuni na kando yake. Mwezi Desemba 2015 serikali ilipitisha tingatinga kwenye bonde la Msimbazi, watu wakalala nje na vyombo vyao. Baadaye umekuja mradi mkubwa wa bonde hilo, unaolipa watu wahame. Umoja wao haukuwaokoa, kwa sababu mtaro haugeuzi bonde kuwa kilima. Nasi tuna mabonde yetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa pasifanyike shughuli za kudumu. Anayewauzia kiwanja cha bei poa chenye upepo mzuri wa Singidani na ndege wengi, mpimieni hizo mita kabla hamjampa hata shilingi. Na mtaa usimtetee aliyejenga humo kwa kuwa ni ndugu. Msaidieni kupata mahali pengine.

Uchungu wa pili haukuja na tingatinga, ndiyo maana haukuandikwa magazetini. Hananasif ilipopata barabara na mitaro, kodi za vyumba zilipanda. Mwenye nyumba alifurahi, na haki yake. Mpangaji aliyekuwa amebeba zege pamoja na wengine alijikuta anatafuta chumba mbali zaidi, Mbagala au kwingine, akaanza upya kwenye matope.

Hapa Utemini pia nyumba nyingi ni za vyumba na korido, familia moja kila chumba, kodi ya miezi sita inalipwa mbele. Mkiita kikao cha mtaa mnaita wenye nyumba. Mpangaji mnamkumbuka siku ya msaragambo, aje na chepe. Mimi naona si haki, na pia si akili, kwa sababu atakayechimba bila kujua kama atakuwepo mwakani atachimba kidogo. Wekeni kwenye makubaliano ya mtaa, na yaandikwe: nyumba ambayo wapangaji wake wametoa nguvu kazi, kodi isipande kwa muda fulani, miaka miwili au mitatu, mtakavyoelewana. Sheria haimlazimishi mwenye nyumba. Majirani wanaweza. Mwenye nyumba akikataa, basi alete kibarua wa kulipwa badala ya mpangaji wake.

Na kuna wajane ambao ua wao ukikatwa mita moja, wanapoteza nusu ya bustani ya mchicha wanayouzia sokoni. Wao wasitoe sawa na mwenye uwanja wa kuegesha lori. Msiwapimie wote kwa kamba moja. Njia inaweza kupinda kidogo. Gari la zimamoto linajua kukata kona.

Mwenyekiti ameniambia kikao kijacho ni Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule. Safari hii anzeni kwa kuwauliza wapangaji na wajane, waseme wakiwa wa kwanza, kabla ya wenye nyumba na kabla yangu mimi. Kamba ya kupimia nitakuja nayo.